Sukari ya Kufunikia Kombe

"Koroga, wifi, koroga! Koroga mpaka kijiko kitoboe kikombe. Mtu akikuona atadhani unakoroga uji wa mzazi, kumbe unakoroga kesi."

"Kesi ya nani? Niondolee kivuli chako hapa, unanizibia mwanga."

"Mwanga wa nini tena? Asubuhi ulikuwa na jua zima dirishani, na bado ukamchoma bibi wa watu sindano isiyo yake."

"Shusheni sauti nyie," akasema wa tatu, mgongo kaukita mlangoni kama komeo. "Kuta za hospitali zina masikio, na masikio yenyewe yana midomo."

"Mama, nipe ufunguo wa droo. Nataka kipimo."

"Sikupi."

"Nipe ufunguo nikampime bibi sukari. Jasho linamtoka, shuka ukilikamua unajaza ndoo."

"Na mimi nimesema sikupi. Ukipima utapata namba. Ukipata namba utaandika. Ukiandika utaulizwa. Anywe chai yenye sukari, jasho litakauka. Funika kombe mwanaharamu apite."

Hapo walikuwa kwenye chumba cha chai cha wauguzi, mwisho wa wodi ya wanawake. Chumba chenyewe ukipiga chafya unamlowesha kila aliyemo. Kilikuwa na sinki lenye bomba lisilonyamaza, jiko la umeme lililoungua upande mmoja, na makabati ya chuma ambayo milango yake ilifungwa kwa teke na kufunguliwa kwa teke. Ukutani palikuwa na bango kubwa la rangi, limeandikwa kwamba usalama wa mgonjwa ni jukumu letu sote. Lililetwa kutoka semina, ile semina ambayo watu walikula kuku, wakarudi na kofia na mifuko, na masomo wakayasahau kwenye viti. Lilitundikwa pale kwa sababu plasta ilikuwa imebomoka, na mende nao walihitaji pazia.

Anayekoroga chai aliitwa Wifi. Wodi nzima ilimwita hivyo, hata wagonjwa wasiojua ni wifi wa nani. Aliyeukita mgongo mlangoni ndiye msimamizi wa wodi, mwanamke mnene mwenye hatua za polepole, ambaye kwa kila baya lililotokea alikuwa na dawa moja: funika kombe. Basi akaitwa Mama Kombe, na jina likamkaa kama kofia ya kupima. Ufunguo wa droo alikuwa ameusokomeza kifuani, mahali ambapo hata polisi wangeomba ruhusa.

Na yule aliyeutaka ufunguo ndiye Rudia.

Si jina la kuzaliwa hilo. La kuzaliwa lilimezwa zamani, na anayelikumbuka ni mumewe tu, tena siku za kuomba radhi. Aliitwa Rudia kwa sababu ya neno lake. Ukimwambia mgonjwa fulani apewe dawa fulani, atakutazama na kusema, "Rudia." Ukimwambia damu imefika, "Rudia, damu ya nani?" Daktari akiagiza kitu huku anatembea, kama kawaida ya madaktari ya kuagiza kwa kisogo, Rudia atamfuata mpaka mlango wa choo: "Rudia, daktari, nisije nikasikia langu." Walimchukia. Wapishi walimchukia, wafamasia walimchukia, na ilisemwa kwamba hata kasuku wa mganga mkuu, ndege ambaye kazi yake ni kurudia, siku moja alimwona anakuja akaficha kichwa chini ya bawa.

Tabia hiyo ilitoka kwa mama yake. Mama yake alikuwa akikaanga na kuuza mbele ya nyumba, ana mdomo mwepesi na mikono myepesi zaidi. Siku moja, sufuria iko motoni na wateja wamejaa, akampigia kelele binti yake, "Kimbia ulete mafuta!" Binti akakimbia, maana kukimbia alijua. Akarudi na chupa. Mama hakutazama, akamimina. Kumbe mtoto kaleta mafuta ya taa.

Moto uliotoka pale ulionekana mpaka mtaa wa tatu. Wateja walitawanyika na midomo wazi. Nyusi za mama zilikwenda siku ile na hazijarudi mpaka leo. Paka wa jirani, aliyekuwa amelala karibu na jiko, alikimbia na mkia unawaka, na wenye nyumba zisizo na umeme wakatamani kumwajiri. Mama hakumpiga mtoto. Alikaa chini, uso umekuwa laini kama yai, akasema, "Kosa langu ni la kusema nusu, na lako la kusikia nusu. Kuanzia leo nikikutuma, kabla mguu haujanyanyuka, unarudia nilichosema."

Basi akakua akirudia. Akaingia chuo cha uuguzi akirudia. Siku anaolewa, inasemekana aliposikia maneno ya ndoa alimgeukia bwana harusi akasema, "Rudia, wasije wakasema ulinung'unika." Watu walicheka mpaka mshumaa ukazimika. Mumewe, fundi seremala mtaratibu, akarudia. Hajajuta, au kama amejuta, amejuta kimoyomoyo kama mtu mzima.

Wifi ndiye dada wa huyo seremala. Alipoachika na kurudi nyumbani na watoto wake, ni Rudia aliyemhangaikia, akampeleka chuo, akamshika mkono mpaka wodini. Mtu angedhani wema wa namna hiyo huzaa upendo. Wema huzaa wifi. Kila Rudia aliposema "rudia" mbele ya wagonjwa, Wifi alisikia "wewe uliyeokotwa." Na Rudia naye, tuseme ukweli, hakuwa na sauti ya asali. Alikuwa na namna ya kulitamka neno lile kama anayekung'uta mkeka wenye chawa.

Lakini haya ya leo hayakuanzia hospitalini. Yalianzia kwenye sufuria.

Wifi aliazima sufuria ya Rudia, ile kubwa ya kifuniko, akairudisha imeungua kitako, nyeusi kama moyo wa mchawi. Rudia akaitazama. "Wifi, umepika chakula au umepika makaa?" Wifi akajibu kwamba sufuria nzuri haiungui, inaungua ya mtu mwenye roho mbaya. Hapo wakanuniana. Nyumba moja, choo kimoja, wodi moja, na hawasemezani. Likitaka kusemwa jambo, linapitishwa kwa kitu. Rudia alikuwa akiiambia stuli, "Kuna watu hawajaosha vyombo." Wifi naye anaijibu ndoo, "Kuna watu kazi yao kuhesabu vyombo vya wenzao." Fundi seremala akaanza kula huko huko karakana, maana nyumbani hakujua tena lini anaambiwa yeye na lini inaambiwa meza.

Sasa, katika wodi ile walikuwako mabibi wawili, vitanda vimepakana. Mmoja ana ugonjwa wa sukari, hupigwa sindano ya sukari, ile ya kuiteremsha, kila asubuhi kabla ya kula. Huyu aliitwa Bibi wa Dirishani, kwa sababu kitanda chake kilikuwa dirishani. Wa pili alivunjika mguu, akaitwa Bibi wa Mguu. Ndivyo wodi ilivyozoea. Majina yao ya kweli yalikaa kwenye vyeti, na watu wakaishi kwa lakabu, kama mtaani tu. Mama Kombe alisema inaleta undugu. Hata Rudia, mwenye kuuliza kila kitu, hili hakuwahi kuliuliza. Naye alisema Bibi wa Dirishani, tena kwa mapenzi.

Asubuhi hiyo zamu ilipoanza, Rudia aliitwa stoo kuchukua vifaa. Ikabidi aiache wodi mikononi mwa Wifi, na ikabidi amwambie lililobaki. Lakini walikuwa wamenuniana. Basi akageukia kabati la dawa akaliambia, "Bibi wa Dirishani hajapata sindano yake ya sukari." Kabati halikujibu. Wifi, akiwa amempa mgongo, akaiambia trei, "Masikio tunayo." Rudia akafungua mdomo aseme neno lake, akaufunga. Kusema "rudia" kungekuwa ni kumsemesha. Akaondoka zake, shingo imesimama wima.

Huko nyuma mabibi wakaoga. Bibi wa Dirishani akalalamika upepo wa asubuhi unamng'ata magoti. Bibi wa Mguu akasema yeye upepo anaupenda, tena anataka kuona lango, mwanawe anakuja leo kumtazama. Wakaangaliana. Wakabadilishana vitanda, pale pale, kama wasichana wa bweni, mmoja anasukumwa na mwenzake kwenye kiti cha magurudumu huku wanacheka, mto huu lete huku, kanga hii peleka kule. Hakuna aliyewakataza. Nani amkataze bibi kukaa anapopenda?

Wifi akaja na sindano yake. Akatazama dirishani, akamwona bibi, shuka limefunika mguu, uso hakuutazama. "Shikamoo bibi, nikuchome kidogo." "Marahaba mwanangu, choma, nipone." Bibi wa Mguu hakuuliza. Aliona ni dawa ya mguu, kwa nini ichomwe tumboni hilo ni la wenye elimu. Baada ya sindano akashukuru. Wifi akaenda zake. Ndipo kutoka kitanda cha pili sauti ikamfuata: "Mjukuu wangu, mimi leo mmenisusa? Sindano yangu mbona umempa jirani?"

Wanaomjua Wifi wanasema damu ilimshuka yote mpaka viatu vikambana. Akakimbia kwa Mama Kombe. Na Mama Kombe, bila hata kukunja uso, akasema: mpe yule yake, huyu mpe chai ya sukari, nyingine, na nyingine tena, na mdomo wako uufunge kama mtungi wa hina. Sindano inateremsha sukari, chai inapandisha, wataonana katikati waelewane.

Rudia aliporudi na maboksi yake, alimkuta Bibi wa Mguu amelowa, mikono inatetemeka, kikombe kinagonga meno. Bibi akamtazama akamwita jina la dada yake aliyekwisha kufa. Bibi wa pili akasema yote, kwa kirefu, kama mtu aliyemngojea hakimu. Rudia akamwambia, "Bibi, mshike mkono mwenzako, msemeshe. Akiacha kukujibu, piga kelele mpaka paa linyanyuke." Akaja mbio chumba cha chai kutafuta kipimo na mtu mwenye akili. Akakuta kijiko kinazunguka.

"Tumemnywesha," alisema Wifi sasa, sauti imeanza kukatika. "Amekunywa vizuri. Kidogo tu amemwaga."

"Chai si daktari, wifi. Chai inapanda inashuka, na ile sindano bado iko ndani inafanya kazi, haijui kwamba imekosea mlango. Bibi anahitaji kupimwa, anahitaji dripu, na daktari lazima ajue ni nini kimeingia mwilini. Akizimika mkononi mwetu, utamwambia nini mwanawe? Kwamba tulimkaribisha chai?"

"Daktari yuko chumba cha upasuaji," Mama Kombe alisema. "Na akitoka, huyo si mtu wa kupelekewa habari kama hizi. Unamjua Radi."

Walimjua. Daktari mkuu wa wodi aliitwa Radi, na hakuna aliyehitaji kuuliza kwa nini. Akipandisha sauti, maji ya dripu yanasahau kudondoka. Akikunja nyusi, vidonge vinajificha chini ya pamba. Muuguzi mmoja mpole, aliyekuwa nao humo humo, aliwahi kukosea kipimo cha dawa. Akaenda mwenyewe, kwa miguu yake, akasema. Mgonjwa alipona, yule mpole hakupona. Alisimamishwa katikati ya wodi wagonjwa wakitazama, akaitwa mwuaji, na mwisho wa wiki hakuwa na kazi. Tangu siku hiyo wodi ilijifunza somo, wala halikuwa lile la kwenye bango.

Rudia mwenyewe alikuwa na kovu lake. Aliwahi kusema kwamba mtungi wa oksijeni ulioletwa kwa mgonjwa ulikuwa mtupu. Alisema mbele za watu, maana mgonjwa alikuwa anapumua mbele za watu. Radi akamwuliza, "Wewe ni daktari?" Akapelekwa stoo ya mashuka. Alikunja mashuka mle ndani mpaka yakamzoea. Asubuhi akifungua mlango, inasemwa, yalikuwa yanajikunja yenyewe kwa heshima. Aliporudishwa wodini hakuna aliyempa pole. Walimwita Mchongezi, na kikombe chake cha chai kikapotea.

"Kwa hiyo unataka wifi yako afukuzwe," Mama Kombe alisema taratibu, kama anayemwaga mafuta kwenye jeraha huku anasema ni dawa. "Sema wazi. Watoto wale wanakula kwa mkono wake. Utarudi nyumbani ukamwambie mumeo, 'Leo nimemla dada yako, kesho nitakula nani?'"

"Mama, usinitie watoto mdomoni. Yule bibi naye ana watoto. Mmoja yuko njiani sasa hivi."

"Atamkuta mamaye hai."

"Unajuaje, wakati kipimo umekikalia kama kuku anayeatamia?"

"Mimi nimekaa wodi hii tangu wewe unajifunza kufunga bandeji kwenye mguu wa kiti. Nimeona mengi. Nusu ya makosa hupona yenyewe."

"Na nusu nyingine?"

"Nusu nyingine," Mama Kombe akasema, "Mungu amewapenda zaidi."

Hata bomba likaona aibu, likaacha kudondoka kidogo.

Rudia akamwendea. Akanyoosha mkono, kiganja wazi, chini ya kidevu cha Mama Kombe. "Ufunguo."

"Utauchukua mwenyewe?"

"Nitauchukua. Nimewaogesha wanawake wengi kuliko mabeseni ya hospitali hii, kifua chako hakinitishi."

"Thubutu!"

Hapo Wifi akakiweka kikombe kwenye sinki, kwa nguvu, chai ikaruka ukutani ikaliwekea bango doa. Akageuka. Macho yalikuwa mekundu lakini mdomo ulikuwa umepata moto wake.

"Mwache, Mama. Mwache achukue. Lakini kwanza anijibu mimi. Rudia! Si ndilo jina lako? Wodi nzima inakuita hivyo. Daktari unamwambia rudia, mpishi unamwambia rudia, maiti ikitolewa unaweza kuiambia rudia. Asubuhi ya leo mbona hukuniambia mimi?"

Rudia akatupa jicho kwenye makabati ya chuma.

"Nilikuwa nimesimama pale. Ungeniambia rudia, ningesema: Bibi wa Dirishani, sindano ya sukari. Na wewe ungeniuliza: yupi, jina lake nani? Maana huwa unauliza. Kero yako yote unauliza. Leo hukuuliza. Uliongea na kabati! Mimi, ndugu wa mumeo, ukanipitishia mgonjwa kupitia kabati, kwa sababu ya sufuria!"

"Sufuria yangu ulii—"

"Niliiunguza! Ndiyo, niliiunguza! Iko uvunguni, nimeisugua mpaka kucha zimekwisha, haitakati! Umefurahi?"

Mama Kombe akatazama mmoja, akatazama mwingine, na uso ukamchanua pole pole. "Aa," akasema. "Kumbe kombe lina wawili ndani. Basi mambo yamekwisha. Rudia mwanangu, ukifungua mdomo kwa Radi, anza na kabati. Mweleze vizuri kabati lilikuitikia nini. Stoo ya mashuka bado ina nafasi, safari hii wanaweza wakakukunja na wewe."

Rudia alibaki mkono hewani. Ilikuwa kweli. Uchungu wa kweli ni kwamba haina pa kuipigia chenga. Ile njia ya mama yake wa nyusi zilizoungua, aliyoibeba toka utotoni, akaitumia kuwachapa nayo wenzake na kujichapa mwenyewe, leo aliikunja akaitia mfukoni kwa ajili ya kununa. Kusema nusu, kusikia nusu. Na moto ulikuwa unawaka kule kitanda cha dirishani, kwenye mwili wa bibi wa watu aliyesema asante.

"Ni kweli," akasema mwisho.

Wifi alikuwa amejitayarisha kwa tusi. Neno lile lilimkuta mikono mitupu.

"Ni kweli, wifi. Kabati sikulitendea haki, na wewe zaidi. Nitaanza na hilo. Nikisema kwa daktari, nitaanza na mimi, kisha utakuja wewe. Stoo nitakwenda, naijua njia. Lakini bibi hangoji tugawane aibu. Tunasema sasa hivi. Useme wewe mwenyewe nami nikiwa ubavuni mwako, au niseme mimi peke yangu. Chagua."

"Na wakinifukuza?"

"Tutakula kwenye sufuria iliyoungua, wote. Kitako chake ni cheusi, lakini tumbo lake ni zima."

Wifi alitaka kucheka, kikatoka kitu kama kikohozi. "Wewe unasema hivyo kwa sababu una mume. Mimi nikifukuzwa nitakuwa nimeokotwa mara ya pili. Utaniangalia kila nikichota ugali. Nakujua."

"Nitakuangalia," Rudia akakubali. "Mimi nina macho mabaya, hilo Mungu alinipa bila kuniuliza. Lakini utachota."

"Maneno matamu hayo," Mama Kombe alisema, "yatiwe kwenye chai, sukari imekwisha. Nyie watoto mnaongea kama vile mtu atawashukuru. Hospitali haishukuru. Hospitali hutafuta shingo. Mimi shingo yangu ni nene, nimeitunza, na siitoi. Mtu akiniuliza, sikuona, sikusikia, nilikuwa nahesabu mashuka. Na wewe, Wifi, ukiwa na akili, chukua kikombe hicho umpelekee bibi, umsemeshe, umchekeshe, ifike saa ya kuona wagonjwa amekwisha kaa sawa. Mwanawe atamkuta anakunywa chai, atasema hospitali hii wana upendo."

Wifi akatazama kikombe. Akatazama kopo la sukari, limelala ubavu, tupu, kijiko kimebaki ndani kama mtu aliyesahauliwa na basi. Akamtazama wifi yake.

Kutoka wodini ikasikika sauti ya yule bibi wa pili. Bado haikuwa kelele. Alikuwa akimwita mwenzake jina, jina lake hasa, lile la kwenye cheti, mara ya kwanza kusikika mle ndani. Akaliita tena. Akaliita tena, juu kidogo.

Rudia akamsukuma Mama Kombe bega. Mama Kombe akausukuma mlango kwa mgongo. Mlango nao, badala ya kukaa, ukasukumwa kutoka nje, kwa nguvu, Mama Kombe akaruka mbele kama kizibo.

Radi akaingia.

Bado alikuwa na kofia ya upasuaji, barakoa imening'inia shingoni, macho ya mtu aliyesimama muda mrefu. Mama Kombe alikwisha geuka mtu mwingine: tabasamu hadi masikioni, mkono unapangusa benchi. "Karibu daktari, pole na kazi, kaa, maji yapo motoni."

Radi hakukaa. Alichukua kikombe, akamimina chai, akanyoosha mkono kwenye kopo. Akaligeuza. Akaligonga. Punje moja ikaanguka, ikabiringika mezani, wote wanne wakaitazama kama kete.

"Sukari yote imekwenda wapi?" akauliza. Kisha akawatazama nyuso zao, moja baada ya nyingine, kisha bango lenye doa bichi la chai. "Kuna nini humu?"

Mama Kombe akakohoa. Bomba likadondosha tone. Kule wodini bibi akaita tena.

"Hakuna kitu, daktari," Wifi akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mtu aliye chini ya kisima. "Wagonjwa wote wazima."

Rudia akamgeukia. Hakumkung'utia neno safari hii. Alilisema taratibu, kama mama asiye na nyusi aliyekaa chini kando ya sufuria, na wakati analisema akamshika mkono, ule ule uliochoma.

"Rudia, wifi."

Wifi akafungua mdomo.